Nani Alimuua Ubba? Msimulizi na Ukweli katika Riwaya ya Kihistoria

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha kazi za kidato cha tatu kuhusu hadithi fupi iliyosimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Msichana mmoja aliandika kwamba msimulizi anajipendelea na kwa hivyo tusimwamini katika kila jambo. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Umeyatoa wapi haya?" Hoja hiyo haikupata hata alama moja. Nilikuwa nimefundishwa, nami nikafundisha, kwamba nafsi ya kwanza huleta uhalisia na kumsogeza msomaji karibu na matukio, basi. Wanafunzi wetu hulikariri jibu hilo kama sala.

Riwaya iliyonifanya niijutie kalamu ile haikuandikwa kwa Kiswahili. Ni The Last Kingdom ya Bernard Cornwell, iliyochapishwa mwaka wa 2004. Ndiyo ya kwanza katika msururu wa riwaya 13 uliokamilika mwaka wa 2020 kwa War Lord. Huenda ukauliza riwaya ya Waingereza wa kale inatuhusu nini sisi walimu wa fasihi ya Kiswahili. Inatuhusu kwa sababu huwa tunawaambia watahiniwa kuwa riwaya ya kihistoria ni ile inayosimulia matukio ya kweli yaliyopita, kisha tunasonga mbele kana kwamba neno "kweli" halina utata. Kweli kwa mujibu wa nani? Ebrahim Hussein alilitambua swali hili alipoandika Kinjeketile (1969), ndiposa akatahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni wa kubuni, si nakala ya yule wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. James Mbotela naye amelaumiwa na wahakiki kwa namna Uhuru wa Watumwa (1934) inavyowasawiri Waingereza kama wakombozi. Ubora wa mfano wa Cornwell ni kwamba kumbukumbu za karne anayoiandikia ni chache mno. Unaweza kuziweka mezani, ukaweka riwaya kando yake, na kuona mahali hasa ambapo mtunzi ameingiza mkono wake.

Kwa ufupi, historia yenyewe ni hii. Mwaka wa 793 maharamia kutoka kaskazini, tunaowaita Waviking, walivamia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne. Uvamizi wa namna hiyo uliendelea kwa miongo mingi, lakini mwaka wa 865 lilikuja jeshi kubwa lisilotaka kupora na kurudi kwao tu. Waanglo-Saksoni walikuwa na falme nne: Northumbria, Mercia, East Anglia na Wessex. York ilitekwa mwaka wa 866. Edmund, mfalme wa East Anglia, aliuawa mwaka wa 869. Burgred wa Mercia alitoroka mwaka wa 874, akaenda zake Roma. Ikabaki Wessex ya Mfalme Alfred, na huo ndio ufalme wa mwisho unaotajwa katika anwani ya riwaya. Mwaka wa 878 nayo nusura ianguke. Alfred alijificha katika vinamasi vya Athelney kabla ya kumshinda Guthrum huko Edington, na Guthrum akabatizwa, Alfred mwenyewe akiwa baba yake wa ubatizo.

Cornwell angeweza kumpa Alfred usimulizi. Hakumpa. Amempa Uhtred, mwana wa bwana wa ngome ya Bebbanburg, ambayo leo huitwa Bamburgh, katika pwani ya Northumbria. Uhtred ana umri wa miaka kama kumi baba yake anapouawa Wasaksoni wakijaribu kuikomboa York. Mtoto huyo anamrukia Mdenmaki aitwaye Ragnar kwa kijisime chake. Ragnar anaangua kicheko na kumchukua. Ami yake mtoto anainyakua ngome. Uhtred analelewa na waliomuua baba yake, anajifunza lugha na miungu yao, na anampenda Ragnar kuliko alivyompenda baba mzazi. Kisha Ragnar naye anachomwa moto ndani ya jumba lake na Kjartan, Mdenmaki mwenzake, na Uhtred anajikuta hatimaye akimtumikia Alfred, mfalme asiyempenda.

Mgogoro wa utambulisho unaonekana wazi hapa, na mtahiniwa yeyote atauona. Mimi nataka tutazame jambo ambalo ni rahisi kulipita, yaani umri wa anayesimulia.

Uhtred anayetusimulia ni mzee. Anakumbuka mambo yaliyompata akiwa mtoto wa miaka kumi na kijana wa miaka ishirini. Mtoto anaona, mzee anafasiri, na mara nyingi sauti hizo mbili zimo katika sentensi moja. Mzee huyu anajisifu. Anawadhihaki makasisi na watawa karibu kila anapopata nafasi, ilhali ni kasisi Beocca aliyemfundisha kusoma. Kinaya hicho kisikupite: hata ule uwezo wa kubishana na maandishi ya kanisa alipewa na kanisa.

Tena mtunzi ametuwekea, mapema kabisa, mhusika anayetufunza jinsi ya kusoma. Huyo ni Ravn, baba yake Ragnar, mshairi aliyepofuka. Kwa kuwa haoni, Uhtred mdogo ndiye macho yake. Humweleza kinachotendeka, na Ravn hukigeuza kuwa utungo. Tazama msafara wa habari hiyo. Tukio linapita kwenye macho ya mtoto, kisha kwenye ulimi wake, kisha kwenye sikio la kipofu mwenye kazi ya kuwasifu wakubwa, halafu ndipo linakuwa "historia" itakayoimbwa jumbani. Mwalimu anayetaka kufundisha uhusiano wa fasihi simulizi na historia hahitaji kutafuta zaidi ya kurasa hizo.

Sasa tuchukue kumbukumbu tuzilinganishe na riwaya. Kifo cha Mfalme Edmund kinasimuliwa kwa ufupi sana katika Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni, ile tarehe ya mwaka kwa mwaka iliyoanza kukusanywa zama za Alfred: Wadenmaki walipata ushindi, wakamuua mfalme, wakaitwaa nchi. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mtawa Abbo wa Fleury aliandika kisa kirefu. Kwake yeye, Edmund alifungwa kwenye mti na kupigwa mishale mingi kisha akakatwa kichwa, na Abbo akamlinganisha na Mtakatifu Sebastian, shahidi wa Roma aliyepigwa mishale. Abbo anasema alikipata kisa hicho kwa Dunstan, ambaye ujanani alikisikia kwa mzee mkongwe aliyeapa kwamba alikuwa mbeba silaha wa Edmund siku ile. Mnyororo huo wa mapokeo ungemfurahisha mtafiti yeyote wa fasihi simulizi.

Cornwell amefanya nini? Ameugeuza mlinganisho wa Abbo kuwa sababu. Katika riwaya, Edmund anawaeleza Wadenmaki habari za Sebastian, ambaye mishale haikumuua. Wadenmaki, kwa udadisi wa watu wa vitendo, wanataka kuona kama Mungu wake atamkinga naye vivyo hivyo. Hakingwi. Tashbihi ya mtawa imekuwa mzaha wa kutisha, na aliyepotoshwa katika kisa hiki si Edmund bali ni sisi tuliozoea kusoma visa vya mashahidi kwa unyenyekevu. Nikiri kwamba nilicheka, kisha nikaona haya. Lakini angalia historia ilivyo na kejeli kuliko riwaya: kabla ya karne hiyo kwisha, katika East Anglia iliyokuwa chini ya Wadenmaki, zilitengenezwa sarafu zenye jina la Mtakatifu Edmund. Waliomuua, au wana wao, walikuwa wakilipana kwa jina lake. Uhtred, mwenye ulimi mkali juu ya watakatifu, angepata kazi kulieleza hilo.

Mfano wa pili ni usawiri wa Alfred. Karibu yote tunayoyajua juu ya nafsi ya mfalme huyo yanatoka kwa Asser, mtawa kutoka Wales aliyeandika maisha yake mwaka wa 893, Alfred akiwa hai na akiwa ndiye mlezi wa mwandishi. Asser anaeleza kwamba Alfred, katika ujana wake, aliona hawezi kuzizuia tamaa za mwili, akamwomba Mungu ampe ugonjwa wa kumtia adabu. Kwa Asser hiyo ni dalili ya uchaji. Cornwell ameichukua habari iyo hiyo na kumweka Uhtred mdogo mahali pa kusikiliza kwa siri huko Nottingham, Alfred akimlilia kasisi Beocca kwa sababu ya tamaa zake kwa mtumishi. Habari haikubadilika sana. Aliyebadilika ni msikilizaji. Kwa mtoto aliyelelewa na Wadenmaki, mwanamume anayelia kwa jambo kama hilo ni kichekesho, na kicheko hicho kinamfuata Alfred katika riwaya nzima.

Hapa ndipo tunapomkamata msimulizi. Uhtred anamwona Alfred mtu dhaifu wa tumbo, wa sala na wa makaratasi. Ni kweli alikuwa mgonjwa na mtu wa sala. Lakini Alfred huyo huyo alilalamika kwamba elimu ya Kilatini ilikuwa imedidimia katika nchi yake hata wachache tu ndio walioweza kuielewa, akaamua vitabu muhimu vitafsiriwe katika lugha ambayo watu wote wangeifahamu, naye mwenyewe akashiriki kutafsiri. Sisi ambao maisha yetu yote tumeitetea lugha tunayoifundisha dhidi ya wanaodhani maarifa yana lugha moja tu, tunamwelewa. Uhtred hamwelewi, na wala hatakiwi kumwelewa. Mwanajeshi yule angetuona na sisi ni watu wa makaratasi. Kosa lingekuwa letu tukiandika katika jibu la mtihani kwamba "mwandishi anamdharau Alfred". Msimulizi anamdharau. Mwandishi ametupa ushahidi wa kutosha wa kutokubaliana na msimulizi wake, kwa maana licha ya dharau hiyo yote, ni ufalme wa Alfred unaobaki umesimama.

Sasa nifike kwenye swali la anwani yangu. Mwaka wa 878, mdogo au mkubwa wao Ivar na Halfdan, viongozi wa Wadenmaki, alitua Devon kwa merikebu 23. Kumbukumbu zinasema aliuawa pamoja na watu 800, na 40 wa kikosi chake. Asser anaongeza kuwa watu wa Alfred walikuwa wamezingirwa katika ngome iitwayo Cynwit, mahali pasipo na maji, na badala ya kungoja kiu iwamalize walitoka alfajiri wakawashambulia wazingiraji. Asser anasema alipaona mahali hapo kwa macho yake. Hata hivyo hamtaji kwa jina hata mmoja wa waliotoka alfajiri ile. Jina la Odda, mkuu wa Devon, linatoka kwa Æthelweard, mwishoni mwa karne ya 10. Jina la Ubba, kama ndiye yule aliyeuawa, linaletwa na Gaimar katika karne ya 12. Kwa hivyo ushindi ule una mahali na hesabu ya maiti, lakini mkono uliomuua kiongozi hauna jina.

Cornwell anampa Uhtred mkono huo. Hiki ndicho kilele cha riwaya: Uhtred na Ubba wanakabiliana ufuoni, na Ubba anaanguka. Lakini hakuishia hapo. Mtunzi alijua msomaji makini atauliza kwa nini jina la Uhtred halimo katika kumbukumbu yoyote, akaitengeneza sababu ndani ya hadithi. Badala ya kumwendea mfalme na habari, Uhtred anakwenda kwanza kumtafuta mkewe na mwanawe. Mwana wa Odda, kijana aitwaye Odda Mdogo, anatangulia kwa mfalme na kujitwalia sifa zote. Riwaya ya pili, The Pale Horseman (2005), inaanza na uchungu wa dhuluma hiyo. Kimya cha watawa kimepewa maelezo: aliyestahili alichelewa kufika.

Kwa upande wa msuko, hii ni kazi ya fundi. Pengo la kumbukumbu limekuwa kiini cha mgogoro. Lakini fikiria gharama yake. Odda ni mtu wa kweli, na karibu yote tunayoyajua juu yake ni kwamba alikuwa mkuu wa Devon wakati wa vita hivyo. Riwaya imempunguzia hata hilo. Imemgawa mara mbili, ikampa mzee ujasiri na kumzulia mwana mwizi wa sifa. Na wale watu wa Devon waliotoka na kiu ngomeni, ambao Asser hakuwataja, Cornwell naye hakuwataja. Mtawa aliandika kwa niaba ya mfalme wake. Mtunzi wa riwaya ameandika kwa niaba ya shujaa wake. Mkulima aliyeshika mkuki amenyamaziwa mara ya pili. Riwaya inayojinadi kuwa sauti ya aliyeachwa nje ya kumbukumbu imechagua wa kumwachia nafasi, na imemchagua mwana wa bwana mwenye ngome. Sioni ni dhambi, lakini ni hoja ya mhakiki, na tuifundishe.

Pamoja na hayo, mpigano wenyewe umesimuliwa kwa namna inayompa Uhtred haki ya kuaminiwa kuliko mahali pengine popote. Mzee huyu mwenye majigambo anakiri kwamba Ubba alikuwa mkali kuliko yeye, na kwamba kilichomwokoa ni mguu wa Ubba kuteleza juu ya matumbo ya maiti. Mtu anayetunga uongo wa kujikweza hangeliongeza tope hilo. Hiki ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu siku hizi: msimulizi akisema jambo linalompunguzia sifa, mwamini kwa wepesi zaidi, akisema jambo linalomwongezea, au linalomchafua adui yake, dai ushahidi. Kwa kipimo hicho kuteleza kwa Ubba kunapita. Uovu wa Odda Mdogo, unaotufikia kwa kinywa cha hasimu wake peke yake, una shaka.

Wahakiki hupenda pia kuyaleta maisha ya mtunzi, na hapa yanavutia. Cornwell alizaliwa London mwaka wa 1944, akalelewa na wazazi wa kupanga wa madhehebu ya Kikristo yenye masharti makali. Ukubwani alikutana na baba yake mzazi nchini Kanada, ambaye jina la ukoo wake lilikuwa Oughtred na ambaye nasaba yake ilihusishwa na mabwana wa Bamburgh. Mtoto aliyelelewa na wengine, dini iliyomchosha, jina la mababu: yote yamo riwayani. Yatumie kwa kiasi. Mtahiniwa asije akaandika kuwa Uhtred ni Cornwell.

Kasoro nyingine nitazipitia haraka. Makasisi, ukiwatoa Beocca na wachache, wamechorwa kwa mkaa mmoja. Brida, msichana wa East Anglia anayechagua kubaki Mdenmaki, ana mantiki iliyo kali kuliko ya Uhtred, lakini anapewa nafasi ndogo ya kuieleza. Majaaliwa yanarudiwarudiwa hadi takriri inapoteza makali. Kwetu mtu angesema mara moja tu kwamba liandikwalo ndilo liwalo, akaendelea na safari. Na kufikia War Lord, inayoishia kwenye vita vya Brunanburh vya mwaka wa 937, shujaa aliyekuwa na miaka kama kumi alipotekwa anakaribia miaka 80 na bado anapigana safu ya mbele. Hapo hata mimi niliyemtetea nilimwekea alama ya kuuliza.

Baadhi ya wanafunzi wamekitazama kisa hiki kwenye runinga, katika kipindi kilichoanza mwaka wa 2015 na kumalizika mwaka wa 2022, kikafuatwa na filamu mwaka wa 2023. Wakikuambia wanakijua, waulize ni nani anayewasimulia. Kamera haina umri wala kinyongo. Inamwonyesha Odda Mdogo akitenda maovu, nasi tunayaona wenyewe. Kitabuni hatuoni chochote. Tunaambiwa, tena na mtu mwenye kesi.

Yule msichana wa kidato cha tatu alikwisha kuhitimu zamani, na alama yake siwezi kumrudishia. Swali ninalowapa walio nyuma yake ni hili, nawe waweza kulijaribu darasani kwa matini yoyote ya kihistoria uliyo nayo: "Msimulizi wa nafsi ya kwanza katika riwaya ya kihistoria ni shahidi na mshtakiwa kwa wakati mmoja. Thibitisha au kanusha kwa kurejelea matukio manne, huku ukionyesha katika kila tukio ni nani mwingine angeweza kulisimulia. (alama 20)"